Ubeti wa Pili

Wazee wengi wa besi katika kwaya ile waliimba kwa meno aliyowatengenezea mwalimu wao. Mwalimu wa kwaya alikuwa fundi wa meno ya bandia, mwanamke wa makamo, mjane, mwenye chumba cha kazi nyuma ya kliniki ya meno, na mtaa mzima ulimwita Fundi Meno hata alipokuwa amevaa joho la kwaya. Wazee hao hawakuthubutu kumbishia. "Ukimuudhi yule," walionyana, "utakunywa uji mpaka kiama."

Chumbani kwake kulikuwa na meza ndefu yenye madoa ya plasta, jiko dogo la gesi la kuyeyushia nta, mashine ya kusagia iliyolia kama nyigu, na rafu iliyojaa taya za plasta, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa penseli. Unga wa kutengenezea ufizi uliletwa kutoka nje ndani ya makopo, nao ulikuja wa rangi moja tu, waridi, kama ulimi wa paka. Fundi Meno aliuchanganya na rangi ya kahawia kidogo kidogo, akilinganisha na kinywa cha mteja, mpaka mtu akicheka usijue cha Mungu ni kipi na cha fundi ni kipi. Katika wateja wake wote ni mmoja tu ambaye unga wa kopo ulimfaa jinsi ulivyokuja. Huyo alikuwa Bibi Kinanda.

Bibi Kinanda alikuwa mzungu. Alikuja nchini akiwa bado msichana, ametumwa na misheni kufundisha muziki. Bendera mpya ilipopandishwa, wenzake wakafunga masanduku wakarudi kwao. Yeye akaenda ofisini akaomba uraia, akapewa. Tangu hapo aliishi katika nyumba ndogo nyuma ya kanisa, akapiga kinanda kila Jumapili, akazeeka. Hakuolewa. Lugha ya nchi aliijua kuliko vijana wengi, na mbuzi walipoingia kwenye maua yake aliwatolea maneno ambayo hata wapagazi wa sokoni wangeyaonea haya.

Mwaka ule taifa lilikuwa linatimiza nusu karne ya uhuru, na kwaya ya kanisa ikaalikwa kuimba uwanjani mbele ya rais na wageni wake. Wimbo haukuhitaji kuchaguliwa. Ulikuwapo mmoja tu, "Nabisha Nifungulie," ambao watu waliuita kwa utani wimbo wa pili wa taifa. Uliimbwa misibani, uliimbwa harusini, uliimbwa hata walimu walipogoma. Watu wasiojua mlango wa kanisa unafungukia ndani au nje waliujua wote. Katika kitabu cha nyimbo, chini yake, palichapwa jina la Bibi Kinanda.

Ubeti wa pili ulikwenda hivi:

*Mweusi nimekujia,*
*ngozi na moyo ni giza;*
*damu yako yanitia*
*weupe wa kupendeza.*

Fundi Meno aliuimba ubeti huo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na hakuwahi kuusikia, kama mtu asivyoonja mate yake mwenyewe.

Jioni ya zoezi la kwanza, walipofika hapo, sauti ya pili ikapungua. Mwalimu mzuri wa kwaya husikia sauti isiyokuwapo upesi kuliko sauti iliyokosea. Akashusha mikono.

"Sauti ya pili, kuna mtu amelala."

"Sijalala," binti yake mwenyewe akajibu. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mwembamba, mwenye tabia ya kusema jambo mara moja tu. "Nimenyamaza."

"Kwa nini?"

"Mama, tukisimama mbele ya dunia nzima tuseme ngozi zetu ni giza mpaka zioshwe ziwe nyeupe, tutakuwa tunasherehekea uhuru gani?"

Vijana wakacheka. Mzee mmoja wa besi akakohoa. "Ni mfano tu, mwanangu. Ni mambo ya kiroho hayo."

"Moyo ni wa kiroho, babu. Na ngozi nayo ni ya kiroho?"

Mzee akafungua kinywa, akarekebisha meno yake kwa ulimi, akakifunga. Fundi Meno akasema waruke ubeti wa pili kwa siku hiyo, waendelee na wa tatu. Lakini neno likishatoka halina mlango wa kurudia. Kabla ya Jumapili kanisa zima lilikuwa limegawanyika, na habari ikamfikia Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa alikuwa mtumishi wa serikali mstaafu, mnyoofu kama rula, ambaye suti yake ilipigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Watu walidhani ana kiburi. Wachache walijua kwamba akiwa mtoto, enzi benchi za mbele zilipokuwa za wazungu peke yao, aliwahi kwenda kukaa pale ili aone vizuri vidole vya mpiga kinanda, na mzee wa zamu akamshika sikio akamvuta mpaka nje, ibada ikiendelea. Tangu siku ile hakukaa mbele tena, hata alipokuwa mwenyekiti na kiti chake kikawekwa huko. Alikihamisha ubavuni.

Baraza lilikutana katika Ukumbi wa Mwinjilisti, uliopewa jina la babu yake Fundi Meno, mwenyeji wa kwanza kuhubiri katika kanisa lile. Picha yake ilikuwa ukutani, amevaa koti jeupe, ameshika kofia kifuani.

"Miaka yote hii tumeimba tusi tukidhani ni sala," Mwenyekiti alisema. Hakupaza sauti. "Na aliyetutungia tumempa nyumba. Napendekeza mambo mawili. Ubeti utolewe, na kanisa litangaziwe kwa nini: kwamba mgeni alitudharau tukamwitikia amina. Na nyumba irudi, iwe ofisi ya vijana."

Mchungaji alikuwa kijana, mpya, na aliwaogopa wazee wake kama paka anavyoogopa maji. "Lakini ni raia, Mwenyekiti," alijaribu.

"Uraia ni karatasi, Mchungaji. Wimbo umetuonyesha moyo."

Wakabishana, wakachoka. Mwishowe wakakubaliana kwamba si haki kumhukumu mtu bila kumsikia, na kwamba aende Fundi Meno, kwa kuwa ni mwanamke na ni mtu wa muziki. Yaani kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka.

Alimkuta Bibi Kinanda sebuleni, miguu imefunikwa kwa kanga kuukuu, redio inanong'ona. Chumba kilikuwa na viti viwili, kabati la vitabu lililoliwa na mchwa upande mmoja, na picha ya rais kama ile iliyotundikwa katika kila duka la mtaa.

"Wamekutuma wewe kwa sababu una huruma," bibi aliuliza, "au kwa sababu una meno yangu?"

"Kwa sababu wao waliogopa, Bibi."

"Kaa basi."

Fundi Meno akaeleza yote bila kupunguza. Bibi Kinanda akasikiliza akitazama mikono yake. Alipomaliza kusikiliza, akazima redio.

"Ubeti ule si wangu. Ukitaka ukweli, wimbo wote si wangu. Ni wa babu yako."

Fundi Meno akadhani uzee umemchanganya. "Babu yangu Mwinjilisti?"

"Huyo huyo. Mimi nilileta wimbo mfupi wa kwetu, baridi kama jiwe. Unasema: nimechoka, miguu yangu ina vumbi, nifungulie mlango. Nikautafsiri, vibaya, nikampa anisahihishie. Aliporudi alikuwa na kitu kingine kabisa. Maneno yake, tuni yake. Ya kwetu ilibaki ile 'nifungulie' tu. Akaniambia, 'Bibi, hapa kwetu vumbi la miguuni si dhambi. Ni kazi.'"

"Na ngozi?"

"Nilimwuliza. Mwinjilisti, ngozi inatafuta nini hapa? Akanitazama kwa adabu yake ile. Akasema, 'Si ndivyo tunavyofundishwa?' Hakuwa ananisuta, mwanangu. Ningefurahi kama angekuwa ananisuta. Aliuliza kama mwanafunzi anayetaka kujua kama amepata."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Wimbo ulikuwa mzuri mno. Nikakaa nikaupiga."

Nje mbuzi walikuwa wanatafuna kitu, na mara hii bibi hakuwafukuza. Akaeleza kwamba misheni haikuchapa majina ya wenyeji kitabuni. Walisema kitabu kitaonekana hakikukaguliwa na mzungu. Alibisha kidogo. Kidogo tu. Halafu wimbo ukapendwa, ukatoka kanisani ukaenda zake barabarani, na kusema "si wangu" kukazidi kuwa kugumu kila mwaka. "Ilikuwa kama kumrudishia mtu ng'ombe ambaye umekwisha kumkamua mpaka amezeeka," alisema. "Na sasa nikisema, watasema mzungu anamsingizia marehemu. Kwa hiyo waambie ni wangu. Nyumba waichukue. Nitapata pa kulala."

Fundi Meno alirudi kwake kwa njia ya mzunguko. Alikuwa akiipiga ile tuni kichwani, na sasa, kwa kuwa ameambiwa, aliisikia: mstari wa tatu ulipanda pale pale ulipopanda wimbo wa kubembelezea watoto nyumbani kwao, ule ambao mama yake alisema aliurithi kwa baba mkwe wake. Alikuwa mwalimu wa muziki na hakuwahi kuviweka vile vitu viwili pamoja. Mtu hakiangalii kikombe anachonywea kila siku.

Hakutaka kusema barazani kitu ambacho ukoo haujakisikia, kwa hiyo kesho yake alikwenda kwa baba yake mdogo. Huyu ndiye alikuwa mwana wa mwisho wa Mwinjilisti aliyebaki hai, mpima ardhi mstaafu, ambaye kila Jumamosi alikwenda kung'oa majani kwenye kaburi la baba yake kando ya mlango wa kanisa.

"Wafu hawajitetei," Baba Mdogo alisema baada ya kusikia.

"Hata walio hai, wengine hawajitetei."

"Yule bibi ana kwao. Baba yangu kwao ni hapa, chini ya jiwe lile."

"Kwao wapi, Baba Mdogo? Akirudi huko hata mbwa hatamjua."

"Unataka watu waseme baba yangu alijichukia?"

Fundi Meno akafikiri. "Sijui kama alijichukia. Nadhani alikuwa anajibu swali la mtihani."

Baba Mdogo akasimama, na kusimama kwake kulikuwa ndiko kumfukuza. "Ukilisema hilo, nitakuja nisimame mbele ya watu nikukanushe. Na usiniite baba tena."

Fundi Meno alilala vizuri usiku ule, jambo lililomshangaza. Kwa tabia hakuwa mtu wa kujitesa. Alikuwa amezoea kwamba jino lililooza litang'olewa, leo au kesho, na leo maumivu ni machache.

Barazani alisema yote akiwa amesimama, mikono nyuma. Alisema wimbo si wa Bibi Kinanda, akasema ni wa nani, akaeleza jina lilifutwaje, kisha akaimba ule wa kubembelezea watoto, na baada yake mstari wa tatu wa "Nabisha Nifungulie," polepole, ili hata asiyejua muziki asikie. Picha ya Mwinjilisti ilikuwa juu ya kichwa chake. Baba Mdogo alikuwa amekaa karibu na mlango, tayari kusimama.

Fundi Meno alikuwa amejiandaa kwa mawe. Badala yake aliona Mwenyekiti anavua miwani, anaifuta, na macho yake yana maji.

"Kumbe ni wa kwetu," Mwenyekiti alisema.

Minong'ono ikaanza, ikapanda. Mtu akapiga makofi. Mzee mmoja akamwendea Baba Mdogo, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia hongera, kana kwamba amepata mtoto. Baba Mdogo, aliyekuja kukanusha, akajikuta anasema asante.

"Basi jambo limebadilika," Mwenyekiti akaendelea. "Hili si tusi tena. Ni urithi wetu. Uwanjani utaimbwa wote, na mtu asiguse hata nukta."

Binti wa Fundi Meno alikuwamo, akiwakilisha vijana. "Wiki iliyopita lilikuwa tusi," alisema.

"Wiki iliyopita lilikuwa la mgeni."

"Maneno ni yale yale, Mwenyekiti."

"Mtu akijisema, amejisema. Mgeni akimsema, amemtukana." Wazee wakaitikia kwa vichwa, maana lilikuwa limetamkwa kama methali.

"Na akijisema kwa mdomo aliopewa na mgeni?"

Mchungaji akasema muda umekwenda, tuombe.

Walipotoka, Mwenyekiti alimngoja Fundi Meno kwenye ngazi. Watu walikuwa wanampita wakimpa mkono, na heshima ile ilimkaa vibaya, kama meno ya mtu mwingine kinywani.

"Nikwambie jambo," Mwenyekiti alisema. "Siku ile nilipovutwa sikio, aliyenivuta ni babu yako. Yeye ndiye aliyekuwa wa zamu. Sikumchukia. Niliwachukia waliokuwa wamekaa mbele, ambao hata hawakugeuka kutazama."

"Yeye alisema nini?"

"Hakusema kitu. Tulipofika nje alinipa ndizi." Akavaa kofia yake akaenda.

Hapo ndipo Fundi Meno alipoona hasira, ya kwanza tangu mambo yaanze, na hakujua aielekeze wapi. Kwa babu, kwa ndizi, kwa waliokaa mbele, kwa Bibi Kinanda aliyenyamaza akapiga kinanda? Kila alipoielekeza, ilikuta mtu mwingine nyuma ya huyo.

Siku za mwisho za zoezi zilikuwa za mivutano. Binti na wenzake wa sauti ya pili walisema hawatauimba ubeti ule, uwe wa babu au wa malaika. Mwenyekiti alisema usipoimbwa, kwaya haitapanda basi la kwenda uwanjani. Fundi Meno akatafuta njia ya katikati, kama kawaida ya watu wanaoishi na pande zote mbili: ubeti wa pili utavumishwa midomo imefungwa, bila maneno. Mwenyekiti akaridhika kwa kuwa hakuna kilichoondolewa. Vijana wakaridhika kwa kuwa hakuna kilichosemwa.

Uwanjani hapakuwa na kinanda, palikuwa na bendi ya jeshi, kwa hiyo Bibi Kinanda hakualikwa. Alisema atasikiliza redioni, na kwamba asiimbiwe haraka haraka kama watu wanaokimbia mvua.

Kwaya ilipangwa kwenye jukwaa la mbao katikati ya majani. Fundi Meno alisimama akiwatazama waimbaji wake, na mgongoni kwake palikuwa na uwanja mzima, maelfu kwa maelfu, bendera ndogo mikononi. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Akainua mkono, midomo ikafungwa, mvumo ukaanza, mtamu, wa chini.

Na nyuma yake uwanja ukaimba.

Hakuna aliyewaambia waimbe. Waliona kwaya imenyamaza wakadhani wamepewa wao nafasi. *Mweusi nimekujia, ngozi na moyo ni giza.* Waliimba askari, waliimba wauza maji, waliimba watu wa dini nyingine walioujua kutoka misibani. Waliimba kwa sauti kuu na kwa furaha, wakipeperusha bendera kwa kufuata mapigo, na walipofika kwenye *weupe wa kupendeza* wengine walifumba macho. Wageni wa heshima wakatabasamu wakatikisa vichwa. Kwa lugha wasiyoijua, ulikuwa wimbo mzuri sana.

Fundi Meno hakuweza kugeuka. Mwalimu akigeuka, kwaya inaanguka. Mkono wake uliendelea kupiga mapigo, na kwa sababu mkono ule ulionekana na watu wote, ukawa unawaongoza na wao. Mbele yake, katika safu ya pili, binti yake alikuwa akivumisha huku machozi yanashuka, na hakuyafuta.

Basini, walipokuwa wanarudi, binti alikaa naye kiti kimoja.

"Uliwasikia?"

"Niliwasikia."

"Walikuwa na furaha, Mama. Hilo ndilo lililoniumiza."

Fundi Meno alitaka kusema kwamba pengine hawakuyasikia maneno, kama yeye mwenyewe miaka yote. Lakini aliona hilo si la kufariji, akamshika mkono tu.

Mambo yalikwisha hivi. Kitabu cha nyimbo kilipochapwa upya, jina la Mwinjilisti liliwekwa chini ya wimbo, na ubeti wa pili ukabaki kama ulivyo. Baba Mdogo alirudi kumwita Fundi Meno mwanangu, bila maelezo, kana kwamba hakuwahi kuacha. Habari ya nyumba haikutajwa tena barazani. Hakuna aliyemwomba Bibi Kinanda radhi, lakini wiki moja baada ya sherehe Mwenyekiti alimpelekea mafundi wakambadilishia mabati yaliyovuja, akasimama chini ya ngazi kuwasimamia siku nzima. Bibi akamletea chai nje. Wakainywa wakiwa wamesimama, wakilalamika juu ya mbuzi.

Ubeti wa pili ukaendelea kuimbwa kila ulipopangwa. Jumapili ya kwanza wimbo ulipopangwa tena, binti wa Fundi Meno aliimba ubeti wa kwanza, akaketi chini, wa tatu ulipoanza akasimama. Alikuwa peke yake. Mara ya pili waliketi watatu. Msimu wa mvua ulipoanza, safu yote ya sauti ya pili ilikuwa inaketi, na mzee mmoja wa besi naye, ingawa yeye alidai ni magoti.

Mwenyekiti akamwita Fundi Meno pembeni, akamwambia kwaya ya kanisa haiwezi kuwa inasimama na kuketi katikati ya wimbo kama watoto wa shule. Alishughulikie jambo hilo.

Fundi Meno akasema atalishughulikia. Hakulishughulikia.